Siku Tuliyorudisha Vya Watu

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu sana, na amenituma nikuulize kama bado unakohoa asubuhi kama gari bovu. Yeye magoti yanamsumbua, hasa kwenye ngazi, lakini mdomo ni mzima. Juzi nilipomtembelea alibishana na muuza mkaa mpaka akapunguziwa bei na kuongezwa gunia tupu juu yake. Kuku wake wawili wameibwa. Anamshuku jirani, hamsemeshi, ila bado anampelekea mboga.

Mimi nimepata kazi. Ni chama kidogo chenye vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kinachosaidia familia zinazofanyishwa kazi kwa sababu ya deni. Napanga mafaili, naandika tarehe, na kuwakumbusha wakubwa waliyoahidi. Unanijua: tangu sekondari silali bila kuandika siku ilivyokwenda, na sasa nalipwa kwa ugonjwa huo.

Duka la chini ndilo lililonifanya niandike. Lori linaloleta chokaa hapo linatoka kwenu. Nilimuuliza dereva kama anamjua mzee mrefu mwenye mzaha anayeangalia moto wa tanuri. Akasema, “Yule? Ananiita mkwe, na mimi nina wake wawili.” Amekubali kubeba barua zetu chini ya kiti chake. Usimpe mbele za watu.

Sasa jambo lenyewe. Ulipoondoka ulisema ni msimu mmoja tu. Mimi nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Mama alipolazwa hukuja, na nyumbani tulikusema vibaya sana. Wiki yangu ya kwanza hapa nilisoma faili la familia iliyotoka kwenye machimbo ya mawe, nikaona maisha yako yameandikwa humo kwa jina la mtu mwingine. Mjomba, hukuja kwa sababu hukutaka, au kwa sababu huruhusiwi kutoka?

Wakili wetu anasema hakuna sheria inayomruhusu mtu kumfunga mwenzake kazini kwa ajili ya deni, hata deni likiwa la kweli. Niandikie lilianzaje, mko wangapi, na nani anawalinda. Na binamu yangu Nyuki je? Bado hatulii mahali pamoja? Anasoma?

Mpwa wako, nasubiri lori.


27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba tena. Mwambie dada yangu kikohozi kipo, tumezoeana, siku kisipokuja naingiwa na wasiwasi. Kuhusu kuku, achague moja: anune au apeleke mboga. Vyote viwili kwa pamoja vinamchanganya mwizi.

Nimefurahi umepata kazi. Umeshapata na mtu, au bado unawaandikia wachumba tarehe ya kuja na tarehe ya kuondoka?

Kazi ya hapa ni hii. Wanaume wanapasua mawe. Wanawake na watoto wanayabeba mpaka kwenye tanuri. Mimi nayapanga na kuni, tabaka kwa tabaka, kisha nawasha. Moto ukishawaka hauachwi mpaka mawe yaive. Yakishapoa yanamwagiwa maji, yanachemka, yanafoka mvuke, yanageuka unga. Nyuki ndiye anayemwaga maji. Hiyo ndiyo shule yake. Anajifunga kitambaa usoni yanabaki macho tu, na mikono yake imezeeka kuliko uso.

Pesa ya mbele niliichukua kumtibu mama yake. Mama yake akafariki, deni likabaki hai. Unga tunachukua duka la tajiri, dawa duka la tajiri, hata sanda ilitoka duka la tajiri. Kila nikiuliza limefika wapi, naambiwa limepanda. Nimeacha kuuliza.

Tuko familia kumi na moja. Kuna mnyapara, lakini lango lenyewe halina hata ubao. Halihitaji. Kila familia imewekwa mdhamini wa nyingine. Nikitoka mimi, mzigo wangu unahamia kwa jirani yangu, mama wa mapacha, ambaye mumewe alikwishatoroka, na deni la mume huyo tayari analibeba yeye. Nilipopata habari kwamba dada amelazwa, nilifika hadi langoni. Niliwaona wale mapacha wananiangalia. Nikarudi. Kwa hiyo kama ni kutoka, ni wote kwa siku moja, la sivyo usihangaike.

Nyuki amesoma barua yako, akaikunja, akaikunjua, akasoma tena. Kisha akaniuliza, “Baba, hiyo sheria inafika huku au inaishia barabara ya lami?”

Nilimwambia nitamuuliza mwenye kujua. Haya, nimeuliza.

Mjomba wako, mla moshi.


20 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama alilia aliposomewa habari ya langoni, kisha akanigombeza mimi, kana kwamba ndiye niliyekuweka huko. Anakuombea. Kuku wa tatu naye ameibwa, na jirani aliyeshukiwa ameibiwa kuku wanne, hivyo wameanza kusalimiana.

Mwambie Nyuki itafika. Nimeipeleka barua yako kwa wakili bila kutaja aliyeandika, na wakili ameipeleka ofisi ya kazi. Nimekwenda pale mara nyingi mpaka karani akinitazama anatafuta faili kabla sijafungua mdomo. Hatimaye wamekubali. Afisa wa kazi atakuja na askari na lori kubwa, Alhamisi ya tarehe 14 Aprili, asubuhi. Nami nitakuwemo. Atawauliza mbele ya tajiri kama mnazuiliwa. Mkisema ndiyo, mnapanda wote siku hiyohiyo, na hakuna mzigo utakaohamia kwa mtu, kwa sababu hatabaki mtu.

Naomba ufuate haya kama yalivyo. Usiwashe tanuri wiki hiyo. Tafuta sababu yoyote. Wakubwa wa familia waambie Jumatano, si kabla. Msifunge mizigo. Msiuze kitu. Nguo za mwilini na vyeti vya kliniki vya watoto, basi. Muonekane kama watu ambao kesho wanaamkia kazini.

Nitavaa kitambaa cha kijani ili unijue. Nimekua, Mjomba.

Mpwa wako anayekuja.


19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Sijamwambia.

Nakuandikia kwa hasira, na nimengoja siku kadhaa ipungue, lakini haipungui. Niache niandike nilichoona, maana labda mimi ndiye sikuona vizuri.

Tulifika saa mbili na nusu. Tanuri lilikuwa linawaka. Ulisimama kando yake na fimbo ya kuchochea, umekonda, na wenzako wamejipanga nyuma yako kama wanaopigwa picha. Tajiri alikuwa ameshaweka viti. Viti, Mjomba! Na soda juu ya meza.

Afisa akakuuliza, “Mzee, kuna anayewazuia hapa?”

Ukasema, “Hakuna, bwana.”

“Mnadaiwa?”

“Nani hadaiwi, bwana? Hata wewe unadaiwa usingizi, macho yanaonyesha.”

Watu wakacheka. Mnyapara ndiye aliyecheka zaidi. Kisha ukasema kwa sauti ya kupwaya, kama mtoto anayeghani shairi asilolielewa: “Tuko hapa kwa hiari yetu.” Na nyuma yako mmoja baada ya mwingine: kwa hiari yetu, kwa hiari yetu. Mama mmoja mwenye mapacha mgongoni na mkononi alisema huku machozi yanamtoka, na afisa aliandika tu.

Hukunitazama hata mara moja. Kitambaa changu cha kijani nilikivua garini.

Njiani afisa aliniambia, “Dada, ukitaka kuokoa watu, kwanza hakikisha wanataka.” Wakili, tuliyekuwa naye garini, hakunitetea, na hilo liliniuma zaidi. Sasa ofisi ya kazi haitaki hata kusikia jina la mahali penu.

Nimetafuta kosa langu tangu siku hiyo. Nimesoma shajara yangu yote ya Machi. Sijaliona. Niambie wewe.

Jambo lingine: Nyuki alikuwa wapi? Nilimtafuta kwenye mapipa ya maji, nilimtafuta kila uso. Sikumwona.

Mpwa wako.


30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Usione kimya, mvua ilikata barabara, lori likakaa mwezi mzima bila kufika, na mkwe wangu dereva amerudi amenenepa. Mpe dada pole ya magoti. Mwambie mvua ya huku imeangusha kuta mbili za mabanda, lakini hakuna aliyeumia ila mnyapara, ambaye ameteleza akakalia ndoo. Ndoo ndiyo iliyovunjika.

Umeuliza kosa lako. Halipo. Maagizo yako yalikuwa mazuri, ila uliwaandikia watu wasio sisi.

Jumatano niliwaambia wakubwa wa familia, mmoja mmoja, kama ulivyosema. Hakuna aliyefunga mzigo. Hakuna aliyeuza hata kijiko. Lakini mpwa wangu, mtu anaondokaje na chekeche la jirani ndani kwake? Mimi mwenyewe nilikuwa na beleshi la mpasua mawe wa banda la mwisho, tangu mwaka juzi. Nikajiambia, nikiondoka nalo, nitakuwa mwizi maisha yangu yote. Nikalichukua nikampelekea. Naye akakumbuka ana sufuria ya mama wa mapacha. Mama wa mapacha akakumbuka ana kibatari cha fulani. Kufikia alasiri uwanja mzima ulikuwa unapishana: huyu na shoka, yule na mkeka, mtoto na kikombe cha chumvi. “Shika chekeche lako.” “Ahsante, na hii sindano yako.” Watu wazima, wamesimama milangoni wanashukuriana.

Mnyapara hakuuliza kitu. Aligeuza ndoo, akakaa juu yake, akatuangalia mpaka tukamaliza. Kisha akaenda kupiga simu.

Jioni ileile tajiri alikuja mwenyewe, akaamuru niwashe tanuri. Nilisema kuni zina unyevu. Akasema, “Basi lete petroli.” Moto ukishawaka, mtu wa moto haendi mahali. Basi ndivyo ilivyokuwa.

Nyuki hajambo. Yupo.

Usitume tena watu. Na usiwe na hasira na yule afisa. Yeye aliuliza, sisi tukajibu. Kuhusu wewe kukua, nilikuona tangu mnashuka garini. Unatembea kama dada yangu, kama mtu aliyeitwa kuja kugomba.

Mjomba wako.


21 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu, safari hii nimemweleza yote, na aliposikia habari za chekeche na beleshi alicheka mpaka akalia, akasema, “Huyo ni baba yetu mtupu.”

Uliandika mistari mingi kuhusu ndoo ya mnyapara na maneno mawili kuhusu binti yako. Nimeyasoma maneno hayo zaidi ya barua yote. “Yupo.” Hukusema wapi.

Jumamosi nilimshika dereva akipakua. Nikamwambia, “Nyuki yuko wapi?” Akaangalia matairi. Nikasema, “Shemeji, mimi sikuulizi tairi.” Ndipo akasema: jioni ile ya tanuri, tajiri alipoondoka, hakuondoka peke yake. Alimchukua Nyuki garini kwenda kumsaidia mkewe kazi za ndani, hapa mjini.

Nyumba ni ya ghorofa moja, geti jeusi, mtaa wa nyuma ya hospitali. Mimi napita pale nikienda kununua mkate. Nimepita pale tangu Aprili, Mjomba.

Nilikwenda nikajifanya nauza sabuni. Alifungua yeye. Hakunijua, na mimi nilimjua kwa mikono. Nilipomwambia mimi ni nani alitazama nyuma kwanza, kisha akasema taratibu, “Dada, sabuni bei gani?” Mlinzi alikuwa karibu. Tukazungumza hivyo, maneno ya sabuni juu, maneno yetu chini.

Nikamwambia njoo sasa hivi, geti liko wazi. Akasema, “Nikitoka, baba atawekwa kwenye moto zamu zote, mchana na usiku, mpaka aanguke. Wameniambia.”

“Na baba yako wamemwambia nini?”

Hakuwa amelifikiria. Nikaona linamwingia.

Analala stoo, na mashine ya kufulia iliyoharibika. Hapigwi, alisema, ila mama mwenye nyumba humpigia makofi kama anayeita kuku. Amekonda. Aliniomba nisikwambie hilo, lakini kwenye barua zetu kumeshafichwa vya kutosha.

Kwa hiyo nimeelewa sasa kwa nini ulisema kwa hiari yako. Wewe huondoki kwa sababu yake, yeye haondoki kwa sababu yako. Tajiri hana haja ya mlinzi. Amemfanya kila mmoja wenu kufuli la mwenzake. Makufuli haya hayawezi kufunguliwa kwa zamu. Lazima siku moja, saa moja, wewe huko na yeye huku, na kila mmoja aamini kwamba mwingine anatoka wakati huohuo bila kumwona.

Wakili amekasirika, na akikasirika anafanya kazi vizuri. Kumweka mtoto wa watu rehani ni kosa ambalo hata afisa wetu wa usingizi hawezi kulifumbia macho. Nimempelekea habari hiyo. Hakusema tena habari ya kutaka au kutotaka.

Niambie ndiyo.

Mpwa wako.


15 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Msalimie dada.

Sikukwambia kwa sababu tajiri alisema nikifungua mdomo atampeleka mbali zaidi, kwa watu asiowataja. Na kwa sababu nyingine. Siku ile alipoingizwa garini alinitazama kama anayengoja nifanye kitu. Nilikuwa na fimbo ya moto mkononi. Nilichochea moto. Ningekuandikiaje hayo?

Ndiyo. Sote kumi na moja. Nimeongea na mama wa mapacha kwanza, kwa sababu ndiye mwenye la kupoteza zaidi, akasema, “Mzee, mara ile nilikufuata kusema uongo, sasa nitashindwaje kukufuata kusema kweli?”

Nyuki hataamini akiambiwa tu. Mimi ningekuwa yeye nisingeamini. Mwambie hivi: usiku ule mama yake anafariki, mimi na Nyuki tulikubaliana jambo nje ya banda, na nilimwambia siku moja nitalivunja. Mwambie baba analivunja. Asipojua ni jambo gani, si mwanangu. Wewe usiulize.

Safari hii hakuna atakayerudisha kitu. Nimetoa amri kinyume: kila mtu aazime. Uwanja umejaa watu wanaoomba. Mimi nimeazima wembe wa mnyapara, na nimemwambia nitamrudishia Jumapili. Alifurahi. Mtu anayeazima ni mtu anayebaki. Mpasua mawe wa banda la mwisho amekosa usingizi, anasema hajawahi kupanga wizi wa chumvi, lakini ameahidi kuvumilia.

Tarehe nimeisikia kwa dereva. Usiiandike.

Mjomba wako.


9 Agosti

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sasa nakuandikia kwa posta ya kawaida, kwa anwani ya mama, na mkono unashangaa.

Hatukupata nafasi ya kuzungumza siku ile, kwa hiyo nakuandikia upande wangu. Alhamisi ile nilikwenda kwenye geti jeusi na askari wa kike na wakili. Nilikuwa nimeshampa Nyuki maneno yako siku tatu kabla, na sabuni mkononi. Aliugeuza mche wa sabuni mara mbili. Kisha akasema, “Alisema hivyo? Kweli alisema analivunja?” Sijui mlikubaliana nini, na sitauliza. Siku yenyewe alitoka na beseni la nguo mbichi, akalitua katikati ya geti, mlango ukashindwa kufungwa. Mama mwenye nyumba alipiga makofi yake. Askari akamwambia, “Mama, hapa hakuna kuku.”

Ndani ya gari Nyuki hakuuliza kitu mpaka simu ya afisa ilipolia, akasikia wamepanda wote na wewe umepanda wa mwisho. Ndipo akaniegemea akalala, papo hapo, kama aliyezimwa.

Sasa mengine, ambayo si mazuri. Kesi ya tajiri imetajwa mara moja na kusogezwa. Yuko nje kwa dhamana. Vyeti vya kuachiliwa kwenu vipo, vimesainiwa, ninavyo. Lakini ile fedha ya kuanzia maisha mliyoahidiwa haijatoka. Kila familia inatakiwa kuwa na anwani ya kudumu, na ninyi kwa miaka yote hiyo anwani yenu ilikuwa kwa tajiri. Nakwenda kwenye ofisi hiyo kila Jumatatu. Karani mwingine, sura ileile.

Mama ameniandikia kwamba unakaa nje kutwa, ukitazama barabara, na mtu akipita na gari unasimama wima. Anasema hujasema mzaha hata mmoja tangu ufike, na hilo linamtisha kuliko kikohozi. Kwa nini huniandikii?

Mpwa wako.


12 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Dada hajambo, magoti yale yale. Jirani wa kuku ametupatia jogoo mmoja, kwa huruma au kwa kusutwa na dhamiri, hatujajua. Tulimla.

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikuwa na habari ambayo ningependa uiandike kwenye shajara yako.

Nimetafuta kazi. Hapa hakuna anayechoma chokaa, na mimi sijui kingine. Nilibeba mizigo sokoni siku mbili. Kifua kikagoma, wakaniambia mzee pumzika. Nyuki anafua nguo za watu, lakini maji ya sabuni yanamchoma pale chokaa ilipomla mikono, na wateja wakiiona wanadhani ni ugonjwa. Dada anagawa chakula chake, anasema hana njaa. Namjua dada yangu akiwa na njaa tangu tukiwa watoto.

Mpasua mawe wa banda la mwisho amerudi kazini. Si kwa tajiri wetu, kwa mwingine. Familia mbili nyingine zimemfuata. Mama wa mapacha sijui alipo. Alisema anakwenda kwa ndugu, na sijawahi kumsikia akiwa na ndugu. Usikasirike nao. Uliwatoa kweli. Ila walipotoka walikuta ni kutoka tu.

Ijumaa alikuja mtu hapa. Wakala. Kijana safi, kanyoa vizuri, ananiita baba. Alijua nimefanya kazi ya moto. Alisema wana machimbo mapya, mwenye machimbo ni mtu wa dini, nyumba za bati, na hakuna mnyapara, kuna “msimamizi”. Akaweka bahasha mezani, mbele ya dada. Akasema, “Hii si mkopo, baba. Ni heshima.”

Nataka ujue kwamba niliishika. Nilikuwa nimeshaifungua na nimeona ndani. Niliwaza unga, niliwaza mafuta ya mikono ya mwanangu, niliwaza dada ashibe. Sikuwaza sheria. Sikukuwaza wewe.

Nyuki alikuwa mlangoni na beseni. Akauliza, “Kaka, baba akiumwa akashindwa kazi, mnamchukua nani?”

Yule kijana akacheka. “Binti ana maswali kama polisi.”

“Jibu.”

“Hatufiki huko, dada.”

“Lakini mkifika?”

Akaacha kucheka. Akamtazama mikono, kisha akanitazama mimi, kama vile tulikuwa wanaume wawili tunaoelewana. Akasema, “Anayefuata.”

Dada yangu akainuka na magoti yake, akashikilia meza. Mimi nikaifunga bahasha. Nikamrudishia. Aliichukua bila chuki, akaniambia kwa adabu kwamba atapita tena mwisho wa mwezi.

Jikoni leo hakuna kitu. Usiniandikie pole, mpwa wangu, wala usinieleze kesi imesogezwa hadi lini au karani amesema nini. Tuma unga. Yule kijana anapita mwisho wa mwezi, lakini njaa inapita kila siku, na mkono wangu umeshajua bahasha ile ina uzito gani.

Mjomba wako.